Fahali Aliyefungwa Kando

Dereva wa lori la kijeshi alikuwa na ugonjwa wa honi. Akichoka kusubiri, anabonyeza. Akiona kuku, anabonyeza. Tangu asubuhi alikuwa amebonyeza hata mbuzi wa Kashebere wakaacha kushtuka. Aliyeshtuka kila mara alikuwa Papa Valentin, mwenye duka la chumvi na sabuni pale njiapanda, kwa sababu lori lile lilikuja kumchukua mwanawe.

"Inspekta," alisema, mikono imeshika meza ya duka kama mtu aliye kwenye mtumbwi, "ile gari ikiondoka na Archange, hatafika Walikale. Weye unajua. Miye najua. Hata mbuzi zinajua."

Inspekta Nzabandora alijua. Kati ya Kashebere na Walikale kulikuwa na vizuizi vya watu wa msituni, na mwaka ule, mwaka mmoja baada ya Kitchanga kuungua, washitakiwa waliopandishwa lori walikuwa na desturi ya kutofika. Walishushwa njiani kwa maswali mawili matatu, na hakuna aliyewahi kurudi kusimulia aliulizwa nini.

"Kapiteni amenipa mpaka jua lifike kichwani," Nzabandora akasema. "Nipe ufunguo wa sinema yako, Papa. Na utie mafuta mu jenereta."

"Sinema? Mutoto yangu anaenda kufa, weye unataka kuangalia sinema?"

"Njo ile sinema imemufunga. Acha niione vizuri."

Na kweli filamu ndiyo iliyomfunga, tena filamu ya sifa. Mbusa Archange alikuwa mpiga picha; mwenzake Kavira Kétsia ndiye aliyeongoza kazi. Wawili hao walizunguka Masisi na kamera moja na pikipiki moja, wakatengeneza *Kilima Hakihami*, filamu ya urefu wa kati: ndefu kuliko tangazo la redio, fupi kuliko misa ya Jumapili. Wakaipeleka ng'ambo kwenye shindano la kimataifa la filamu za urefu huo, na majaji wa huko, wasiojua hata kilima cha Burungu walichokiona mle kiko upande gani, wakaipa tuzo ya kwanza. Redio zilitangaza siku nzima. Masisi ambayo haikutajwa redioni ila kwa risasi na wakimbizi, leo inatajwa kwa ushindi! Watu walinunuliana bia bila kufahamiana.

Lakini sifa nayo ina macho. Katika filamu kuna mzee mmoja wa Burungu, Sebarenzi, mfugaji, anayesema mbele ya kamera kwamba vita vije, vita viende, yeye kilima chake hakiachi. Wanahabari wakataka kumwona. Mzee yuko wapi? Mpaka siku ile ukoo wake ulisema alikimbilia kambi za Kashuga, na wakati wa vita nani anamtafuta mtu aliyekimbia? Sasa alikuwa mtu wa tuzo, akatafutwa. Kashuga hayupo. Ndipo Nsengimana, mtoto wa mdogo wake, alipotokea na jibu jipya: mzee alipakiwa kwenye pikipiki ya Archange na hakuonekana tena. Archange alikuwa amekuja kwa baba yake kuonyesha filamu. Akakamatwa na tuzo ikiwa bado mezani.

Kasho la Kashebere, yaani mahabusu, lilikuwa zamani ghala la mihogo, na lilinuka hivyo. Archange alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Nzabandora alimpa nusu ya kipande cha jibini alichokuwa nacho mfukoni. Hakuwa mtu wa kufikiri bila kutafuna.

"Nieleze tena ile siku ya mwisho ku Burungu."

"Papa Inspekta, nimesha kueleza."

"Eleza tena."

"Nilipanda peke yangu. Kétsia alibakia ku Kashuga na bamama ba kambi. Nilifika siku ya tatu ya juma, jua linapinda. Mzee hakukuwa. Nsengimana akasema ameenda ku Kashuga kuona bandugu. Nikasema, basi, nipige picha ya kilima na ngombe tu. Nikapiga, nikashuka ile ile siku, ju mvua ilikuwa inakuja."

"Hukulala kwao?"

"Hata! Sikukaa chini."

"Nsengimana anasema ulilala. Eti asubuhi yake, siku ya ine, ukamupakia mzee."

"Anadanganya."

"Ju ya nini adanganye?"

"Sijui!" Sauti ya Archange ilipasuka. "Njo kitu najiuliza tangu banifunge. Mzee alikuwa ananiita mutoto. Sijui, Papa."

"Tarehe ya kamera?"

Kijana akacheka vibaya. Betri ilikufa wakati wa mvua, saa ya kamera ikajirudisha nyuma yenyewe. "Kamera inasema nilipiga ile filamu ningali ku masomo ya primaire. Nilimuonyesha Kapiteni, akacheka mpaka akakohoa."

"Na picha ya mzee wa kofia nyuma ya pikipiki?"

Hiyo ndiyo iliyomkaa Nzabandora kooni. Kapiteni alikuwa nayo kwenye simu, imetolewa ndani ya filamu yenyewe: Archange anaendesha, nyuma yake mzee wa kofia na koti refu, uso hauonekani. Kashebere nzima ilikuwa imeiona na kutoa hukumu.

"Ule ni katekista wa Kashuga! Kétsia njo alipiga. Angalieni filamu yote, si kipande."

Nzabandora akatoka bila kumwahidi kitu. Ahadi ni rahisi kutoa ukiwa upande wa nje wa mlango.

Sinema ya Papa Valentin ilikuwa nyumba ya mbao iliyozibwa madirisha kwa turubai, mabenchi ya mbao, na shuka jeupe ukutani. Siku za kawaida watu walikuja hapo kwa mpira na filamu za karate. Leo alikuwamo Kétsia peke yake na kompyuta magotini. Kando yake, ndani ya kitenge, ilikuwa ile tuzo, kipande cha kioo kizito. Hakuwa ameifungua tangu Archange afungwe. Aliichukia sasa, na alisema hivyo.

"Tungelishindwa, Papa, Archange angelikuwa huru. Hii kitu njo ilituletea mbaya."

"Weka ile ya pikipiki."

Shuka likajaa barabara ya matope. Pikipiki ikapita, mzee wa kofia nyuma. Kapiteni alikuwa amekata hapo. Filamu iliendelea: pikipiki ikaruka shimo, kofia ikadondoka, abiria akageuka kuifuata kwa macho huku akicheka. Alikuwa kijana, hana hata ndevu za kutosha, na msalaba wa mbao shingoni.

"Katekista," akasema Kétsia.

"Basi kumbe siye." Nzabandora akashusha pumzi. Mfupa mmoja umetoka kooni. Lakini kumwondoa mtu mmoja kwenye pikipiki hakukuthibitisha kwamba mwingine hakuipanda. "Sasa ile siku ya mwisho."

Kilima cha Burungu kikatokea, kijani mpaka kinauma macho. Ng'ombe wametawanyika upande wa bondeni. Juu, chini ya mkaratusi, fahali mmoja amefungwa kamba, na mtu mwenye koti la mvua la manjano, mgongo kwa kamera, anakaza fundo, anaondoka. Kisha hakuna kitu. Fahali anawaangalia majike kule chini, analia, anavuta kamba, analia tena. Kamera haimwachi.

"Hii njo ilitupatia prix, ile tuzo," Kétsia akasema polepole. "Majaji baliandika kwamba uyu ngombe ni mukimbizi. Anaona benzake ng'ambo ya bonde, hawezi kufika."

"Nani alimufunga?"

"Nsengimana. Hujamusikia? Tangu afike hapa anabaeleza bantu, 'Ule wa koti ya manjano njo miye, miye njo nilishinda prix!' Anamushitaki Archange asubuhi, mangaribi anajisifu na filamu yake."

Nzabandora alikuwa ameinuka, amekwenda karibu na shuka mpaka kivuli chake kikafunika nusu ya kilima. Akajisogeza pembeni. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Simamisha."

Chini kushoto, karibu na lupango, yaani ua wa miti, beberu alifungwa kwenye nguzo, peke yake, na mbuzi majike walikuwa mbali naye. Kulia, kondoo dume naye na kamba yake.

"Papa, kuna nini?"

"Mu hii boma, kila dume iko na kamba."

"Na maana yake?"

Maana yake aliijua toka utotoni. Baba yake alipofariki, kule kule kwenye vilima vya Masisi, ni yeye aliyepewa kamba ya fahali aishike. Lakini kumbukumbu ya mpelelezi si ushahidi. Kapiteni aliyecheka kamera angeicheka na hii. Ilibidi habari itoke kinywani mwa watu wa boma lile wenyewe, na kabla haijatoka, Nsengimana afunge milango yote nyuma yake.

"Nenda kaite Kapiteni," akasema. "Na Nsengimana. Na Mama mjane wa Sebarenzi, mumuletee kiti cha mugongo. Uyu mama hatakaa ku benchi."

Waliingia. Kapiteni, mtu wa mbali aliyepelekwa Kivu na jeshi, akaketi mbele na kunyoosha miguu. "Likambo nini, kuna jambo gani tena, Inspekta? Jua linapanda." Mama Nyiransabimana, mjane wa Sebarenzi, akakaa nyuma kabisa, kitenge kichwani, macho chini. Toka afike Kashebere hakuwa amesema zaidi ya salamu. Nsengimana ndiye aliyesema kwa niaba yake, mpaka na kiu yake aliisema yeye. Nje watu walikuwa wameshabana kwenye mbao wanasikiliza. Walikuja kuona mwuaji akipandishwa lori, na hawakutaka kupitwa.

Nsengimana alikuwa amevaa lile koti la manjano. Jua kali lote lile, koti la mvua!

"Karibu, mucheza filamu," Nzabandora akamwambia.

"Chef, unanichekelea."

"Hapana. Majaji baliipenda picha yako kuliko zote. Lakini kuna kijana mumoja hapa Kashebere anasema ule wa koti ni yeye."

"Nani uyo?" Nsengimana alisimama. "Anadanganya! Angalia koti! Angalia mabega! Ule njo miye, miye mwenyewe, hata Mama anajua."

"Basi ni weye. Kapiteni, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kapiteni na kupiga mwayo.

"Ilikuwa siku gani?"

"Si nilisema na kutia sahihi? Siku ya tatu ya juma. Archange alifika jua linapinda, akapiga picha, akakula kwetu, akalala. Asubuhi yake akaondoka na baba mukubwa ku pikipiki."

"Hakurudi tena siku ingine kupiga picha?"

"Arudi! Angelirudi namna gani, na damu ya mzee mu mikono?"

Nje pakaguna. Mtu mmoja akapiga ubao kwa ngumi. Papa Valentin, aliyekuwa mlangoni na dumu la mafuta, akafumba macho.

Nzabandora hakuharakisha. "Vizuri. Ile siku ya tatu, mzee alikuwa wapi?"

"Mu nyumba."

"Muzima?"

"Muzima kabisa! Alikunywa maziwa, akacheka na batoto."

"Mu boma kulikuwa kilio? Labda bibi mumoja, ndugu, muntu mwingine wa nyumba?"

"Hata mumoja. Ile mwezi Mungu alituchunga."

"Kapiteni, umesikia?"

"Inspekta, nimesikia! Unataka niimbe?"

"Sasa nieleze kitu kidogo tu. Ngombe dume, ju ya nini ulimufunga kando?"

Nsengimana alimeza mate. Ilikuwa kidogo tu, lakini Kétsia aliyezoea kutazama watu kupitia kioo aliona, akamtazama Inspekta.

"Alikuwa mugonjwa."

"Ya nini?"

"Ya miguu."

"Pole yake. Na uyu beberu hapa chini? Uyu amefungwa peke yake, angalia, majike yako kule. Naye miguu?"

Kapiteni aliacha kupiga miayo. Akacheka. "Inspekta, umemshika mbuzi!"

"Na kondoo dume? Hii hapa. Yeye kamba ya nini? Magonjwa gani hii, Nsengimana, inashika badume tu?"

"Chef, vile njo tunachungaka..."

"Miye mutoto ya vilima kama weye. Usinifundishe kuchunga."

Nzabandora akamwacha hapo, akatembea mpaka nyuma. Alivua kofia, akachuchumaa mbele ya kiti cha mjane ili asimwangalie kutoka juu.

"Mama, sikuulizi habari ya ile siku. Nakuuliza desturi tu. Papa Valentin ni muntu ya Butembo, Kapiteni ametoka mbali, Kétsia ni mutoto ya mujini. Hawajue. Kwetu, badume yote ya boma ikifungwa mbali na majike, inakuwa nini?"

"Mama, nyamaza," Nsengimana akasema chini chini.

"Nani amekuuliza weye?" Kapiteni alisema, na safari hii miguu yake haikuwa imenyooka.

Mama Nyiransabimana aliinua kichwa. Akaangalia shuka: kilima chake, mkaratusi wake, ng'ombe wake anaowajua kwa majina.

"Inakuwa mwenye boma amekufa," akasema. "Badume haipande majike mpaka kilio iishe. Padri anatukatazaka, lakini tunafanya."

Nzabandora alisogea karibu zaidi na kiti.

"Na ile siku ya tatu zilikuwa zimefungwa."

"Tangu mapema asubuhi. Uyu njo alizifunga." Akaonyesha kwa kidevu, hakutaka kumpa hata kidole. "Usiku alimupiga mzee na nyundo ya kupigia nguzo. Alitaka kilima akiuze, mzee akakatala. Mzee iko chini ya nyumba ya ndama, mutoto yangu. Kila asubuhi nafagia juu yake."

"Na ulinyamaza, Mama."

"Nilinyamaza. Nilikuwa nimesha poteza mutoto yangu mu moto ya Kitchanga. Uyu akasema nikifungua kinywa, atachoma na bajukuu. Niliogopa. Nilikuwa muoga, kwisha." Machozi yakaanza. "Lakini kuona kijana ya watu anaenda kufa ju ya mzee yangu, ile nimeshindwa."

Nzabandora akasimama na kumgeukia Nsengimana. Mtu wa koti la manjano alikuwa ameketi, mikono imening'inia.

"Kumuua baba yako mukubwa hukuogopa. Sasa ukaogopa nini kuacha badume wazi?"

Nsengimana alimtazama kana kwamba swali hilo lilikuwa la kitoto. "Chef, tungelikufa sisi wote. Ukivunja ile, boma yote inaisha. Si unajua?"

Lahaula! Mtu anaua na mkono mmoja, na mkono mwingine unafunga kamba ili balaa lisiingie nyumbani. Alimficha maiti asionekane na jirani yeyote, akamsahau kijana wa Butembo aliyekuja na kamera, kwa sababu kwa kijana wa Butembo ng'ombe aliyefungwa ni ng'ombe aliyefungwa. Wala hakukosea: Archange hakuona kitu. Majaji hawakuona kitu. Waliona uzuri tu, wakautuza.

Ndipo mjane akaanza kulia kweli, kile kilio cha msiba kinachoanzia tumboni, alichokuwa amekibana mwaka mzima. Nje, mwanamke mmoja akakipokea, hata bila kumjua marehemu, kisha mwingine. Wanaume waliokuja kumwona Archange akipandishwa lori wakavua kofia, wakakaa chini pale pale vumbini, kwa kuwa matanga yakianza mtu haulizi, anakaa.

Kapiteni akatoa ufunguo wa kasho mfukoni na kumtupia Papa Valentin. Mzee hakuudaka, uliangukia chini, akaufuata kwa magoti, akaukumbatia pamoja na vumbi, akakimbia. Kétsia akamfuata, na tuzo akaiacha juu ya benchi.

"Vizuri sana," Kapiteni akasema, akijifuta magoti. "Lakini miye nimetumwa kupeleka mushitakiwa ku Walikale. Gari haiwezi kurudi bure. Uyu apande."

Honi ikalia nje.

Nsengimana alianguka. Hakupiga magoti, alianguka, akashika miguu ya Nzabandora kwa mikono miwili.

"Chef, si ile gari. Nifunge hapa. Nipige. Si ile gari, nakuomba na Mungu."

"Jana ulikuwa unasukuma vijana bapige kelele Archange apande."

"Njo vile! Ku kizuizi ya kwanza banangojea. Miye njo nilituma habari kwamba muuaji wa Sebarenzi anapita leo."

"Ulituma kwa nani?"

Nsengimana akaficha uso kwenye viatu vya Inspekta.

"Kwa nani, Nsengimana? Gari inaunguruma."

"Kwa Tumukunde."

Kilio cha mjane kilikatika katikati, kama kamba iliyokatwa. Tumukunde lilikuwa jina la mwanawe, yule wa moto wa Kitchanga.

"Tumukunde nani?" aliuliza.

Nsengimana hakuinua kichwa.

"Nakuuliza, Tumukunde nani?"

"Hakuungua, Mama. Alikimbilia mu pori na bale bantu. Sasa iko mukubwa wao ku kizuizi. Nilikuambia amekufa ju kilima ibakie na miye. Na yeye... yeye nilimuambia Archange alibaua ninyi wawili. Weye na mzee. Anajua kama mulikufa siku moja. Akisikia ni miye, Chef, hataniuliza hata jina."

Kapiteni alitukana kwa Kilingala.

Mama Nyiransabimana alisimama. Hakupiga kelele, wala hakumpiga Nsengimana, ingawa hakuna ambaye angemzuia. Alifungua kitenge kichwani, akajifuta nacho uso, akajifunga tena, safari hii kiunoni, kwa fundo la safari. Alipita katikati ya mabenchi, akampita mtoto wa shemeji yake pale sakafuni kama anavyopita mtu tope, akatoka kwenye jua. Waombolezaji wakampisha. Archange alikuwa ndiyo kwanza anatoka kasho, akiwa ameshikwa na baba yake kama mgonjwa. Mama akasimama, akamshika shavu, akaendelea mpaka kwenye lori.

"Mama," Nzabandora akamfuata, "ngoja tutume muntu mbele. Ku kizuizi banapigaka risasi mbele ya kuuliza."

"Utamutuma nani? Ataambiwa anadanganya." Alikuwa tayari ameweka mguu kwenye gurudumu. "Nipe mukono, nimezeeka."

Akampa mkono. Kisha naye Inspekta akapanda, kwa sababu hakuona namna ya kubaki. Kapiteni alimtazama dereva, akamtazama mama aliyekaa juu ya magunia matupu, pale wanapokaa washitakiwa, akaagiza Nsengimana afungiwe kasho, akaingia mbele.

"Mama, unajua banangojea nini kule?" Nzabandora aliuliza lori lilipong'oka.

"Najua. Mutoto yangu anangojea muntu ashuke mu hii gari." Alishika ubao wa lori kwa mikono miwili. "Basi nitashuka miye."